Nyama Iliyokatwa Ina Mwenyewe

Kila mwaka wa shufwa, Agosti ikiingia, vijana wa Kibukusu katika kaunti ya Bungoma na katika mashamba yanayouzunguka mji wa Kitale huvaa shanga, hushika njuga, wakapita kwa jamaa zao kuwaalika. Alfajiri ya siku yenyewe huteremka mtoni wakapakwa tope mwili mzima, kisha hurudi nyumbani katikati ya umati unaoimba Sioyaye. Hapo uani kijana husimama wima mbele ya omukhebi, yaani ngariba, asitikisike wala kupepesa jicho. Ujasiri huo umesimuliwa sana, na unastahili. Kile kinachokatwa hakijasimuliwa. Mwaka 1975 James Rheinwald na Howard Green, wakifanya kazi Massachusetts nchini Marekani, walichapisha njia ya kuotesha seli za ngozi ya binadamu ndani ya maabara zikaongezeka kizazi baada ya kizazi, na malighafi waliyoitegemea ilikuwa magovi ya watoto wachanga waliotahiriwa hospitalini. Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha ngozi hai iliyotengenezwa kwa seli za asili hiyohiyo, itumike kuziba vidonda vya miguu visivyopona. Tangu mwaka 2001 orodha ya vitu vya kutupwa vinavyoweza kuponya imepata kingine: shahamu ya mwili, ile inayonyonywa au kukatwa wakati wa upasuaji, ambayo ndani yake mna seli shina zinazoweza kugeuka kuwa mfupa, gegedu au misuli.

Ninachodai ni hiki. Katika nchi hii iliyo kati ya Mlima Elgon na mto Nzoia, nyama iliyotoka mwilini mwa mtu haikuwa kitu kisicho na mwenyewe. Ilipokuwa chini ya wazee na wakunga ilikuwa na utaratibu wake. Ilipoingia hospitalini utaratibu ule ukaondolewa kwa sababu nzuri za usafi, lakini hakuna kilichowekwa mahali pake. Sayansi ilipogundua kwamba kinachotupwa kina thamani, ililikuta pengo hilo li wazi ikapita papo hapo. Utafiti wa seli za shahamu ukija Kitale na Bungoma, na naamini inafaa uje, uanze kwa kuliziba pengo hilo. Historia ya eneo lenyewe inaonyesha kwa nini, na inaonyesha pia kwamba watu wa huku hawataanza na ubao mtupu.

Masimulizi ya Wabukusu yanamtaja Mango, wa ukoo wa Bakhurarwa, aliyemuua Yabebe, nyoka mkubwa aliyekuwa akimaliza watu na mifugo, na kwa ushujaa huo akatahiriwa kule Mwiala kwa desturi ya majirani wa jamii ya Kalenjin. Mtu anaweza kuyaamini masimulizi hayo au asiyaamini. Lililo muhimu kwa hoja yangu ni mfumo uliojengwa juu yake. Kila aliyetahiriwa aliingia katika rika lenye jina, moja kati ya manane yanayozunguka: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Mjomba wake, khocha, alimchinjia ng'ombe na kumvisha luliki, kipande cha nyama, shingoni. Uwezo wa kutahiri ulipita katika familia maalumu, kwa hiyo ngariba hakuwa mpita njia. Ukoo wake ulijulikana, na kisu kikienda vibaya palikuwa na mtu wa kuulizwa. Tendo hilo la kukata mwili lilifanyika mbele ya mashahidi wengi, kwa jina la mtu anayejulikana, katika ua unaojulikana, na kumbukumbu yake ikabaki katika jina la rika mpaka kifo. Ukitafuta katika mila za Kenya mahali ambapo kisu kinaingia mwilini huku kila hatua ina mwajibikaji, ni vigumu kupata pengine panapozidi hapa.

Hali kadhalika kwa vitu vingine vinavyotoka mwilini. Jamii nyingi za Kenya zilizika kondo la nyuma katika ardhi ya nyumbani, na kitovu kilichodondoka kilitunzwa kisiokotwe na asiyehusika. Nywele zilizonyolewa na kucha zilizokatwa hazikuachwa njiani. Sababu iliyotolewa ilikuwa hofu ya mchawi: mwenye nia mbaya akipata kipande chako amekupata wewe. Hapa msomaji wa sayansi atasema kwamba tunazungumzia ushirikina, na ushirikina hauwezi kuwa msingi wa sheria ya hospitali. Pingamizi hilo lina nguvu kiasi tu. Tuweke uchawi kando, tuitazame kanuni yenyewe. Inasema kwamba kipande cha mwili kinambeba mwenyewe hata baada ya kutengana naye, kwamba mtu mwingine anaweza kukitumia kwa jambo ambalo mwenyewe halijui, na kwamba jamaa zake nao wanahusika. Leo hakuna mwanabiolojia atakayekana hata moja kati ya hayo matatu. Karibu kila seli iliyo hai yenye kiini ina nakala ya chembe za urithi za mtu mzima, na nusu ya nakala hiyo anayo mama yake, nusu nyingine baba yake. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda data inaziweka taarifa za urithi wa kijenetiki katika fungu la data nyeti zinazohitaji ulinzi wa pekee. Wazee walikosea juu ya njia ya madhara. Juu ya uhusiano wa mtu na nyama yake hawakukosea.

Utaratibu huo ulianza kulegea mamlaka mapya yalipokuja. Wamisionari wa Quaker, waliofika Kaimosi mwaka 1902, walieneza kazi yao kaskazini hadi Lugulu, na huduma ya tiba ikafuata. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, ikaufanya mji wa walowezi, na maelfu ya Wabukusu wakawa vibarua katika mashamba ya mahindi ya Trans Nzoia, wengine mbali na makaburi ya babu zao na mbali na ua ambamo kondo la mtoto lingezikwa. Mwaka huohuo wa 1926 mlowezi mmoja, Hugh Stoneham, alianzisha Kitale makumbusho yake ya vipepeo, ndege na vitu vya kale, ambayo baadaye yakawa ya taifa na yakafunguliwa kwa umma mwaka 1974. Nayataja kwa sababu yanaonyesha kwamba wazo la kuhifadhi sampuli, kuiandikia kibandiko chenye tarehe na mahali ilipotoka, na kuitunza kwa miongo, lilikuwapo Kitale mapema sana. Kipepeo wa Stoneham alijulikana alikonaswa na lini. Mgonjwa aliyekatwa uvimbe enzi hizo hakuulizwa uvimbe wake unakwenda wapi.

Wala uhusiano wa watu na dola haukuwa wa kuaminiana. Mwaka 1895 jeshi lililoongozwa na Waingereza liliwavunja Wabukusu katika ngome ya Chetambe, karibu na Webuye ya leo. Nusu karne baadaye, mwaka 1945, Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa kutoka Kimilili, alipoupinga utawala alipelekwa Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili jijini Nairobi. Watu waliona hospitali ikitumiwa kumfungia mpinzani wa serikali. Daktari anayeshangaa leo kwamba familia fulani inauliza maswali mengi kabla ya kutia saini afahamu kwamba maswali hayo yana umri mkubwa kuliko hospitali yake.

Hospitali yenyewe iliigeuza nyama iliyokatwa kuwa taka. Nasema hivyo bila kulaumu, maana damu na tishu zinazooza ni hatari, na anayewashughulikia wagonjwa mia hawezi kuandaa mazishi mia. Katika zahanati na vituo vya afya vya Kenya mfuko mwekundu ndio wa taka hatari zaidi, zikiwamo sehemu za mwili. Kuna tanuri la kuchomea, na kuna shimo la kondo la nyuma, lenye kuta zilizojengewa, kifuniko cha zege na mdomo mdogo wa kutumbukizia. Shimo hilo linafaa kutazamwa kwa makini. Makondo ya kijiji kizima yanakusanyika humo, hayana majina, chini ya zege katika uwanja wa serikali. Kwa upande wa usafi halina kasoro. Lakini mama akitoka hapo na mtoto mgongoni, ule uamuzi ambao nyanya yake aliufanya, wa kusema kizikwe wapi na nani, umefanywa na kanuni ya wizara. Hakunyang'anywa kitu kwa ubaya; hakuulizwa tu. Na kitu kikishazoeleka kuwa taka, anayekiokota haonekani kuchukua cha mtu.

Tukio linaloonyesha hayo kwa ukubwa wake lilitokea upande wa pili wa Mlima Elgon, nchini Uganda. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago jijini Kampala, aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya, akaanza kufuatilia saratani ambayo baadaye ilipewa jina lake. Ilikuwa ikiwashika watoto katika ukanda wa joto na malaria unaokatiza Afrika, na magharibi ya Kenya imo ndani ya ukanda huo. Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, akasikilizwa na Anthony Epstein, na tangu hapo vipande vya uvimbe vilivyokatwa Kampala vikawa vinasafirishwa kwa ndege ya usiku hadi maabara ya Epstein. Kwa muda mrefu havikuzaa kitu. Desemba 1963 ukungu uliifunga London, ndege ikatua Manchester, na kipande cha siku hiyo kikachelewa. Kilipofika, maji yaliyokizunguka yalikuwa yametibuka. Ilidhaniwa ni bakteria, lakini chini ya hadubini zilionekana seli za uvimbe zilizo hai, zimejitenga zinaelea. Epstein na Yvonne Barr waliziotesha, na mapema 1964, wakiwa na Bert Achong, waliona ndani yake kirusi kwa hadubini ya elektroni. Makala yao ilitoka Machi mwaka huo. Hicho ndicho kirusi cha Epstein-Barr, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Faida ya kazi hiyo ni kubwa na sina nia ya kuipunguza. Burkitt mwenyewe, pamoja na Peter Clifford aliyekuwa Nairobi, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuonyesha kwamba saratani hii husinyaa kwa dawa, na wapo watoto wa Bungoma wanaoishi leo kwa sababu ya elimu iliyoanzia hapo. Lakini tazama jinsi ugunduzi wenyewe ulivyohesabiwa. Kirusi kina majina ya watafiti wawili wa London, na ugonjwa una jina la daktari wa Kampala. Seli za kwanza zilizooteshwa ziliitwa EB1, kwa herufi za wanamaabara, na mtoto ambaye taya lake lilizitoa hana mahali katika jina lolote kati ya hayo. Miaka 12 kabla yake, mwaka 1951, seli za Henrietta Lacks zilichukuliwa Baltimore bila yeye kujua, zikazalishwa dunia nzima kwa miongo, na ilikuwa Agosti 2023 ndipo warithi wake walipofikia mapatano na kampuni kubwa iliyokuwa ikizitumia kibiashara. Enzi hizo ndivyo kazi ilivyofanywa kila mahali, Baltimore kama Kampala. Ila Lacks ana warithi wanaojua jina lake na mahakama za kwenda. Huo ndio utofauti, na unatokana na kumbukumbu: aliyeandikwa anaweza kudai.

Hali ilibadilika polepole, na mabadiliko hayo nayo ni sehemu ya historia ya magharibi mwa Kenya. Kuanzia mwaka 2002 huko Kisumu, Robert Bailey na wenzake walifanya jaribio la tohara ya hiari kwa vijana 2,784, kila mmoja akielezwa na kutia saini, ili kupima kama tohara inazuia maambukizi ya virusi vya ukimwi. Desemba 2006 jaribio lilisimamishwa kwa sababu jibu lilikuwa wazi: hatari ilipungua kwa zaidi ya nusu. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaipendekeza tohara, kisha Kenya ikaanzisha mpango wa taifa. Kwa muda mfupi sehemu ya mwili ambayo haikuwa ikizungumzwa mezani ikawa mada ya mikutano ya kimataifa, na tishu za govi zikaingia maabara ili ieleweke virusi hupitaje.

Lakini utafiti unaonigusa zaidi ulifanyika Bungoma kwenyewe mwaka 2004. Bailey, Omar Egesah na Stephanie Rosenberg walikwenda kupima jambo ambalo wenyeji walilijua na wataalamu hawakulihesabu: vidonda. Waliwahoji wavulana na vijana 1,007 waliotahiriwa karibuni, na wengine wachache wakawafuatilia kwa macho tangu kisu mpaka kupona. Miongoni mwa waliotahiriwa kimila, asilimia 35 walipata madhara; kwa waliotahiriwa hospitalini na kliniki ilikuwa asilimia 18. Kuvuja damu na kuoza kwa kidonda ndiyo yaliyoongoza. Takwimu hizo zilipochapishwa mwaka 2008 wengi walisoma nusu ya kwanza tu, ile ya ngariba. Ya pili ina uzito uleule: karibu mmoja kati ya watano aliumia mikononi mwa watoa huduma za afya. Mila ilikuwa na uwajibikaji bila dawa ya kuua vijidudu. Kliniki nazo, pamoja na kuwa za kitabibu, bado kazi yao ilihitaji mafunzo na vifaa. Ndiyo maana familia nyingi sasa huchanganya, kijana anachezewa ngoma na kuvishwa luliki, kisha anapelekwa kwa daktari. Watu wa Bungoma wameshaonyesha kwamba wanaweza kupokea kisu kipya bila kuacha utaratibu wa nani anashuhudia. Hilo ni somo zuri kwa yeyote anayekuja na utafiti mpya.

Sasa tuifikie shahamu. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa ghala la nishati tu. Mwaka 1964 Martin Rodbell alionyesha kwamba tishu ya mafuta ikimeng'enywa kwa kimeng'enya kiitwacho kolajenasi, seli zilizojaa mafuta huelea juu, na zilizobaki huzama. Wengi walishughulika na zile za juu. Mwaka 2001 Patricia Zuk na wenzake wa California na Pittsburgh walitangaza walichokipata katika zile zilizozama: seli shina zinazoongezeka katika maabara na kuchukua njia tofauti kulingana na chakula zinachopewa. Malighafi yao ilikuwa mafuta yaliyonyonywa katika upasuaji wa kupunguza mwili, ambayo kliniki zilikuwa zikiyamwaga. Uboho wa mfupa pia una seli za namna hiyo, lakini kuutoa kunauma na hupatikana kidogo. Shahamu ni nyingi na mwenye nayo mara nyingi hana haja nayo.

Mtu atauliza haya yanahusu nini Kitale, mji unaojulikana kwa mahindi, si kwa upasuaji wa urembo. Yanahusu kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwamba upasuaji wa kawaida nao hutoa shahamu: ngiri, uvimbe wa mafuta, upasuaji wa kujifungua ambao hospitali za rufaa za Kitale na Bungoma huufanya mchana na usiku, na kila uzazi hutoa kondo, ambalo nalo lina seli za aina hii. Ya pili ni mahitaji. Mtoto anaangukia sufuria ya uji jikoni penye mafiga, ngozi ya mkono inapona imejikunja na vidole havifunguki tena. Mzee mwenye kisukari anakaa na kidonda ndugu mguuni mpaka mguu unakatwa. Mwaka 1957 Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, wote madaktari wa upasuaji wa kurekebisha mwili, waliasisi madaktari wa kuruka wa AMREF kwa sababu waliona wagonjwa wakiachwa bila tiba mbali na Nairobi. Na kuna jambo lililo karibu zaidi. Eldoret, mwendo mfupi kutoka Kitale, Hillary Mabeya na hospitali ya Gynocare wamekuwa wakiwatibu wanawake wenye nasuri ya uzazi. Katika upasuaji wa nasuri ngumu, duniani kote, kuna mbinu iliyoelezwa na Mjerumani Heinrich Martius mwaka 1928: kipande cha shahamu ya mama mwenyewe kinachotolewa katika mdomo wa uke, kikiwa bado na mishipa yake ya damu, huhamishwa na kulazwa juu ya mshono ili tundu lisifunguke tena. Kwa hiyo tiba kwa shahamu ya mwili ina karibu miaka 100, na anayeitoa ndiye anayeipokea.

Nalisisitiza hilo kwa sababu seli za shahamu zimeahidiwa makubwa kupita ushahidi. Machi 2018 Umoja wa Ulaya uliidhinisha dawa iliyotengenezwa kwa seli shina za shahamu za watu waliojitolea, ya kuziba nasuri za njia ya haja kubwa kwa wagonjwa wa Crohn, ugonjwa wa utumbo. Jaribio kubwa la pili halikuonyesha faida, na mwishoni mwa 2024 dawa ikaondolewa sokoni. Florida, wanawake watatu waliodungwa machoni seli zilizotolewa katika shahamu yao wenyewe, katika kliniki iliyowatoza pesa, walipoteza uwezo wa kuona. Kisa chao kiliandikwa katika jarida la kitabibu mwaka 2017. Kwa hiyo anayemwambia mgonjwa wa Bungoma kwamba seli hizi zitamponya leo, tena kwa malipo, anamdanganya. Utafiti ni kitu kingine, na unahitajika hasa kwa sababu majibu bado hayajapatikana.

Pingamizi lililo zito kuliko yote linatoka kwa watafiti waaminifu. Wanasema: ukimwekea masharti mtu juu ya kitu alichokuwa anakitupa, unachelewesha tiba kwa ajili ya heshima isiyomfaa yeyote, mama aliye katika uchungu hataki karatasi nyingine. Mahakama ya Juu ya California iliwaunga mkono kwa kiasi mwaka 1990 katika kesi ya John Moore, ambaye wengu wake ulitumiwa kutengeneza seli zenye hati miliki: ilisema hana umiliki wa seli hizo baada ya kukatwa. Lakini mahakama hiyohiyo ilisema daktari alikuwa na wajibu wa kumwambia Moore nia yake ya utafiti na ya fedha kabla ya kisu. Watu huinukuu nusu ya kwanza. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017, yenye sehemu nzima juu ya viungo, damu na tishu, inadai ridhaa ya maandishi kabla ya tishu kutolewa kwa mtu aliye hai kwa matumizi ya kitabibu. Upungufu ni kwamba mgonjwa wa ngiri ametia saini ngiri ikatwe. Shahamu iliyotoka na ngiri hiyo haimo katika maneno aliyosomewa, na ndani ya mfuko mwekundu haina jina.

Kuhusu kuchelewesha, ushahidi wa Kisumu unajibu. Vijana 2,784 walielezwa mmoja mmoja jambo zito kuliko hili, katika jamii ya Waluo isiyotahiri kimila, wakakubali, na jaribio likaisha kabla ya wakati wake. Ridhaa haikuliua. Kinachoua utafiti ni uvumi kwamba hospitali inauza vipande vya watu, na uvumi hushamiri pale ambapo hakuna aliyeambiwa kitu.

Pingamizi la mwisho ni la upande wa pili, kwamba mila ikiheshimiwa basi isiguswe, kila kipande kizikwe na maabara zibaki bila kitu. Silikubali. Wabukusu wenyewe, kwa masimulizi yao, waliipokea tohara kutoka kwa majirani, na kizazi hiki kimempokea daktari mahali pa ngariba. Desturi yao ilidai kwamba mtu ajulikane, aulizwe na ashuhudiwe. Anayeulizwa anaweza kusema ndiyo.

Hayo yanaweza kufanywa bila kungoja bunge. Kamati ya maadili ya utafiti ya Chuo Kikuu cha Moi na hospitali ya rufaa ya Eldoret ina uwezo wa kuukataa utafiti usiofuata utaratibu. Inaweza kudai kwamba sampuli ya shahamu au kondo inayotoka Kitale, Webuye au Bungoma iwe na karatasi yake, mbali na ile ya upasuaji, isomwe kliniki ya wajawazito au siku ya miadi na si chumba cha kujifungulia, kwa Kiswahili, Kibukusu au Kisabaot. Iwe na majibu matatu: kichomwe, nipewe nikazike, kitumike kwa utafiti. Anayechagua la tatu aulizwe tena kama seli zake zinaweza kutoka nje ya nchi na kama zinaweza kuuzwa, na apewe nambari ya kupiga akibadili nia. Daftari la majibu hayo likae katika hospitali ya kaunti, si katika maabara inayopokea, ili miaka 30 ijayo mtu akiuliza seli fulani zilitoka kwa nani, pawe na mahali pa kufungua na kusoma.